Uzi maalumu: John McDouall Stuart na hesabu ya maji katikati ya Australia, 1858–1862

MchoraRamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kina Burton, Livingstone na Stanley tumeshawajadili sana kwa sababu walipita kwetu. Leo namleta mtu wa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi: John McDouall Stuart, Mskoti, mzaliwa wa Dysart mwaka 1815, aliyefika Australia ya Kusini mwaka 1839 akafanya kazi ya upimaji ardhi. Alikuwa mfupi na mwembamba, uzito wake chini ya kilo 60. Tarehe 24 Julai 1862 alinawa uso na mikono katika bahari ya kaskazini, akiwa ametokea Adelaide kusini, kisha akarudi. Aliongoza safari sita na hakuzika mtu wake hata mmoja.

Wengi wanamsimulia kama shujaa. Mimi nasema alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya maji. Eneo moja hakulipigia hesabu vizuri, nalo ni chakula, na huko ndiko mwili wake ulikoharibikia.

Tuanze na alikojifunzia. Mwaka 1844 kapteni Charles Sturt alitoka Adelaide kwenda kutafuta bahari aliyodhani iko katikati ya bara. Msafara wake ulikuwa na watu 16, maksai 30, farasi 11, kondoo 200, na mashua juu ya mkokoteni. Stuart alikuwa mchoraji wake wa ramani. Januari 1845 walifika kwenye bonde moja lenye dimbwi la kudumu, Depot Glen, wakakwama hapo miezi sita. Mbele maji hakuna, na nyuma madimbwi waliyopitia yalikuwa yamekauka. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba risasi za penseli zilidondoka kutoka kwenye mbao zake, skrubu za masanduku zikalegea, na wino ukakauka kwenye kalamu kabla mtu hajamaliza sentensi. Walichimba chumba chini ya ardhi ili wapumue. James Poole, msaidizi wa Sturt, alikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, Julai 1845, na nafasi yake akapewa Stuart.

Alichokiona pale ndicho alichokwepa maisha yake yote. Msafara mkubwa hauwezi kusogea mpaka upate maji makubwa, na ukishayapata hauwezi kuyaacha. Kundi dogo linaweza kunywa kwenye kidimbwi, likapita.

Sasa tazameni namba. Farasi anayefanya kazi kwenye joto anahitaji lita 40 hivi kwa siku, na siku mbaya zaidi ya hapo. Mzigo wake wa kawaida ni kama kilo 70. Maana yake ukimbebesha maji matupu, bila unga wala risasi, hayamtoshi yeye mwenyewe siku mbili. Kwa hiyo maji ya farasi hayabebeki. Yatafutwe mbele, au safari ife. Katika safari ya sita Stuart aliondoka Chambers Creek, kituo chake cha kuanzia, na watu 10 na farasi 71. Watu wakinywa lita 5 kila mmoja ni lita 50. Farasi wale 71 ni lita 2,840 kwa siku moja. Dimbwi la kuwakimu watu 10 mwezi mzima linakaushwa na farasi hao kabla hawajamaliza zamu ya kwanza.

Njia yake ilikuwa hii. Kundi kuu linabaki kwenye maji ya uhakika, chini ya William Kekwick, msaidizi wake katika safari za baadaye. Stuart anatoka na mtu mmoja au wawili, na farasi wachache walionyweshwa vizuri. Anakwenda mbele siku moja, siku moja na nusu. Akipata maji anarudi, au anatuma mtu, kundi lote linahama. Asipopata, anageuka kabla pumzi ya farasi haijafika nusu, maana kurudi nako kunataka pumzi. Kisha anajaribu upande mwingine wa dira. Kwa hesabu ya maili alizopanda farasi, aliivuka Australia mara kadhaa kabla ya kuivuka mara moja kwenye ramani.

Nitaendelea na kiunzi cha safari zenyewe. Karibuni.

MchoraRamani

Safari kwa ufupi, ili tusichanganye.

1858: Stuart, mzungu mmoja, na Mwaborijini mmoja mfuatilia nyayo, farasi sita hivi, dira, na chakula cha wiki nne. Gharama alilipa William Finke. Walizunguka miezi minne, wakatokea pwani kule Streaky Bay wakiwa hoi kwa njaa. Ndipo alipoipata Chambers Creek, maji yaliyokuwa kituo chake cha kuanzia baadaye.

1859: safari mbili kaskazini, kupima malisho kwa ajili ya Finke na James Chambers. Faida kubwa ya mwaka huo ni chemchemi. Nitazieleza hapa chini, maana zenyewe ni nusu ya siri.

1860: Stuart, Kekwick na kijana Benjamin Head, farasi 13. Watu watatu tu! Walitoka Chambers Creek tarehe 2 Machi. Aprili walifika mto Finke, nguzo ya mawe ya Chambers Pillar, kisha milima ya MacDonnell. Tarehe 22 Aprili alipiga kambi mahali alipohesabu kuwa katikati ya bara. Aligeuzwa Attack Creek mwishoni mwa Juni.

1861: safari ya serikali, watu 12 na farasi 49. Walifika Newcastle Waters, wakazuiwa na tambarare alilolipa jina la Sturt na vichaka vikavu vilivyoshonana kama ukuta.

1861–62: ya sita, iliyofika baharini.

Chemchemi sasa. Kuanzia Marree kwenda kaskazini-magharibi kuna mstari wa vilima vidogo vyenye maji juu yake. Maji hayo ni ya mvua iliyonyesha mbali mashariki, kwenye milima ya Queensland, ikazama kwenye tabaka la mawe ya mchanga na kutembea chini ya ardhi muda mrefu mno. Tabaka hilo ndilo Beseni Kuu la Maji ya Ardhini. Ukingoni, penye nyufa, maji yanasukumwa juu kwa mgandamizo. Chumvichumvi na mchanga vinagandamana kuzunguka tundu, kilima kinakua. Maji ni ya vuguvugu na yana magadi kidogo, lakini hayategemei mvua ya mwaka huo. Dimbwi la mto linakauka, chemchemi hizi hapana. Nyingi zimepangana ndani ya mwendo wa siku moja wa farasi. Mtu aliyekuwa na mstari huo mkononi alikuwa na daraja la kumfikisha mamia ya kilomita ndani bila kubahatisha.

Bi_Kisima

Shukrani kwa uzi, MchoraRamani. Hapo kwenye chemchemi ongeza jambo moja, tena ni kubwa. Mstari huo haukuwa siri kwa wenye nchi. Chemchemi za kusini-magharibi mwa ziwa Eyre ni za Waarabana, na njia za biashara zilipita juu yake miaka na miaka kabla ya farasi wa kwanza. Udongo mwekundu wa kujipaka na majani ya kutafuna ya pituri vilisafirishwa mamia ya kilomita kwa kufuata maji hayohayo. Tukisema bara lilikuwa halina ramani, tuseme halina ramani ya karatasi.

Alama alizotumia Stuart kupata maji zilikuwa nyingi zimeachwa na watu: moshi wa mbali, vijia vilivyokanyagwa vinavyokutana kama miali kuelekea sehemu moja, visima vilivyochimbwa kwa mkono kwenye mchanga, mashimo ya mwamba yaliyofunikwa kwa jiwe bapa au matawi. Alama nyingine ni za ndege. Ndege wanaokula mbegu hawawezi kukaa bila kunywa, kwa hiyo vijishomoro na njiwa wakiruka chini kwa mstari mmoja jua likichwea, wanakwenda majini. Kunguru na mwewe hawakusaidii, wao wanapata maji kwenye nyama. Miti mikubwa ya gamu, jamii ya mkaratusi, yenye magome meupe inaonyesha mkondo wa mto, hata kama juu ni mchanga mkavu.

Kuchimba kwenyewe kuna utaratibu. Unachimba nje ya kona ya mto, pale mkondo ulipokula ukingo, kwa sababu ndipo palipo na kina. Mchanga unabomoka, kwa hiyo unachimba kwa upana, au unazuia kuta kwa matawi. Maji yanajikusanya kwa tone, farasi wananyweshwa mmoja mmoja. Farasi 10 wanaweza kuchukua usiku kucha. Farasi mwenye kiu akiruhusiwa kusogea mwenyewe, anabomoa kisima kwa kwato na kazi yote inaanza upya.

Kipandajongoo

Wakuu swali la mgeni wa mada. Kwa nini hawakutumia wapagazi kama ilivyokuwa Bagamoyo kwenda Ujiji? Mpagazi mmoja anakunywa kidogo sana kuliko farasi.

FrasilaMbili

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye mzigo wenyewe.

Mpagazi wa njia ya kati alibeba karibu frasila mbili, yaani ratili 70, kilo 32 hivi. Mtu anayetembea na mzigo anataka kama kilo moja ya nafaka kwa siku. Akibeba chakula chake mwenyewe, mwezi mmoja mzigo wote umeishia tumboni na hajafikisha kitu. Misafara ya kwetu iliwezekana kwa sababu njiani kulikuwa na vijiji vyenye mtama, mahindi na muhogo wa kuuza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, vya kununulia chakula cha mbele. Na farasi na ng'ombe hawakufaa kwa sababu mbung'o aliwaua.

Australia ya kati ni kinyume chake kote. Mbung'o hakuna. Watu wapo, lakini wanaishi kwa kuwinda na kuokota, hakuna ghala la nafaka la kukuuzia wewe na wenzako arobaini. Kwa hiyo ulihitaji mbebaji anayejilisha njiani kwa majani, na huyo ni mnyama. Bei yake ni hizo lita 40.

Kipandajongoo

Nimeelewa vizuri sana, asante. Basi ngamia je? Si ndiye mwenyewe wa jangwa?

Juakali_1860

Ngamia alikuja, na alikuwa mnyama sahihi katika mikono isiyo sahihi. Huo ndio msafara wa Burke na Wills, uliotoka Melbourne tarehe 20 Agosti 1860, wakati Stuart yuko njiani kurudi kutoka katikati.

Walitoka na watu 19, ngamia 26, farasi 23, mikokoteni sita na mizigo ya tani 20 hivi. Ndani ya tani hizo kulikuwa na meza ya mti wa mwerezi na viti vyake, fataki za ishara, na galoni 60 za pombe ya ramu kwa ajili ya ngamia. Hadi wanafika Menindee kwenye mto Darling, wiki na wiki zilikwishapotea kwenye matope na ugomvi. Robert O'Hara Burke alikuwa askari polisi, hakuwa mpimaji wala mtu wa porini. Aligawa msafara mara mbili. Tarehe 16 Desemba, katikati ya kiangazi cha kule, yeye, Wills, King na Gray walitoka Cooper Creek na ngamia sita, farasi mmoja, na chakula cha miezi mitatu.

Kosa la hesabu ni hili: alipanga chakula kwa safari ya kwenda na kurudi bila siku hata moja ya ziada. Februari 1861 walifika kwenye mikoko na maji ya chumvi ya kaskazini, bahari yenyewe hawakuiona. Wakarudi kwenye mvua na tope, wakila ngamia wao. Gray alifia njiani. Walifika Cooper Creek jioni ya tarehe 21 Aprili, na kundi lililowasubiri lilikuwa limeondoka asubuhi ileile. Saa tisa hivi za tofauti. Kwenye mti palichongwa neno la kuwaambia wachimbe, wakakuta chakula kidogo kimefukiwa.

Burke na Wills walikufa karibu na mwisho wa Juni. Walikufa kando ya mto wenye maji na samaki, na tumbo limejaa.

Kipandajongoo

Tumbo limejaa vipi tena na wamekufa njaa?

Juakali_1860

Walikuwa wanakula nardoo. Ni jamii ya kangaga inayoota matopeni, ina vibumba vidogo vigumu vyenye vijimbegu ndani. Wayandruwandha, wenye mto ule, waliwapa keki zake, na kina Burke wakaona wanaosaga, wakaiga kusaga. Lakini nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini. Wenyeji walikuwa wanachoma kwanza, wanasaga na maji mengi, wanakoroga uji mwembamba, na joto pamoja na maji vinapunguza nguvu ya kimeng'enya. Tena walikuwa na samaki na nyama pembeni. Ukisaga kavu na kuifanya chakula chako cha pekee, unashiba na unakufa: miguu inakosa nguvu, mapigo ya moyo yanadhoofu, baridi inakuingia mifupani. Wills aliandika dalili hizo moja baada ya nyingine kwenye daftari lake mpaka mwisho.

John King alikwenda kuishi na Wayandruwandha, wakamlisha, wakamtunza. Alikutwa hai Septemba 1861.

MchoraRamani

Na tusimlaumu ngamia. Miaka michache baadaye ngamia na waendeshaji wao kutoka upande wa Afghanistan na India ndio walioibeba Australia ya kati mabegani: mbao, nyaya, unga, sufu. Ila ngamia anataka mtu anayemjua, kwa tandiko lake, kwa ugonjwa wake wa upele, kwa mimea yenye sumu. Stuart aliwajua farasi, akabaki na farasi.

Sekstanti

Naomba nichangie kwenye upimaji, kwa sababu ndipo watu wanapodhani kuna uchawi.

Mchana: dira kwa mwelekeo, saa ya mfukoni kwa muda. Farasi wa mizigo anatembea maili tatu hivi kwa saa, unazidisha, unachora mstari. Mchanga unapunguza mwendo, vichaka vinakuzungusha, na mawe yenye chuma yanaipotosha dira. Makosa hayo yanajilimbikiza kila siku, ndiyo maana lazima jua au nyota zikurekebishe.

Baharini nahodha anapima jua kutoka kwenye upeo wa maji. Bara huna upeo ulionyooka. Kwa hiyo unamimina zebaki kwenye sahani ya chuma, unaifunika kwa paa dogo la vioo ili upepo usiitikise. Zebaki ni kioo kilicholala sawasawa. Kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, unaleta jua la angani likutane na jua lililomo kwenye zebaki. Pembe unayosoma ni maradufu ya kimo halisi cha jua, unaigawa kwa mbili.

Sasa chukua siku yenyewe. Tarehe 22 Aprili 1860 Stuart aliandika kipimo cha jua: nyuzi 111, dakika 0, sekunde 30. Nusu yake ni nyuzi 55 na dakika 30. Ukiongeza nusu ya kipenyo cha jua, kama dakika 16, na kutoa upindaji mdogo wa hewa, kimo ni nyuzi 55 na dakika 46 hivi. Kutoka utosini ni 90 kutoa hiyo, inabaki nyuzi 34 na dakika 14. Siku hiyo jua lilikuwa upande wa kaskazini wa ikweta kwa nyuzi 12 na ushee. Ondoa 12, unaangukia karibu na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, ndiyo latitudo. Hesabu nzima inakaa kwenye kiganja.

Shida yake ni sekstanti yenyewe, ambayo haisomi zaidi ya nyuzi 120 na kidogo. Januari pale Chambers Creek jua la mchana liko karibu utosini, kama nyuzi 82, maradufu yake ni 164, chombo hakifiki. Hapo unasubiri usiku, unapima nyota iliyo chini zaidi. Na nyota zinataka macho mazima. Mwisho wa safari ya sita Stuart alikuwa karibu kipofu, usiku haoni kitu, kwa hiyo chombo chake muhimu kilikufa yeye angali hai.

Longitudo, yaani ulipo kwa mashariki na magharibi, ni ngumu zaidi, maana inadai saa sahihi. Dakika nne za saa ni nyuzi moja. Kwenye latitudo ile nyuzi moja ni kilomita 103. Saa ikikosea dakika moja tu umehamisha kambi yako kilomita 26. Saa iliyotikiswa mgongoni mwa farasi miezi mitatu hukosea.

Bi_Kisima

Nyongeza ndogo hapo kwa Sekstanti. Kilima alichokipanda kesho yake, tarehe 23, na kujenga rundo la mawe na kusimika bendera, alikiita Central Mount Sturt kwa heshima ya kapteni wake wa zamani. Jina la Stuart lilibandikwa baadaye na wengine. Naona watu wengi wanasema alijipa jina mwenyewe, si kweli na si haki kwake.

Tandiko

Hakuna aliyegusa vifaa, na safari nyingi zilivunjika kwenye kamba na kwato kabla ya kuvunjika kwenye kiu.

Tandiko la mizigo lina mifuko miwili, kushoto na kulia. Tofauti ya kilo mbili tatu inatosha kulivuta tandiko upande mmoja, na jioni utakuta mgongo umechubuka. Kidonda kikishaingia ndani ya bega, farasi huyo habebi tena wiki kadhaa. Kwa kuwa unga unapungua kila siku, lazima upime na kusawazisha upya kila asubuhi, siyo siku ya kwanza tu.

Vichaka vya mulga na vya lancewood vina matawi makavu magumu kama vyuma. Vinachana mifuko ya turubai, na unga ukianza kumwagika hakuna wa kukuambia mpaka umetembea maili moja. Ngozi hustahimili zaidi, kwa hiyo gunia la unga huvikwa koti la ngozi. Nyasi za spinifeksi ni sindano tupu: ncha zinavunjikia kwenye miguu ya farasi na kutunga usaha, na farasi hawapendi kuzila.

Halafu mawe. Uwanda wa kokoto umetandazwa mawe magumu ya rangi ya kutu, kama yamepangwa kwa mkono. Kwato isiyo na chuma inalika mpaka nyama. Mwaka 1858 Stuart aliteseka sana na farasi waliochechemea. Safari ya sita alikuwa na mhunzi wa kwato, John McGorrery. Nafasi moja kati ya watu kumi kumpa mhunzi ni uamuzi wa mtu aliyeumwa na jambo hilo.

Na udongo mweusi wa tambarare la Sturt: kiangazi unapasuka nyufa zenye upana wa kwato, juu zimefunikwa na nyasi. Mvua ikinyesha unageuka gundi. Hakuna majira unayopenda pale.

Kipandajongoo

Alivukaje tambarare hilo mara ya sita kama mara ya tano lilimshinda?

MchoraRamani

Kwa njia ileile, ila kwa hatua fupi zaidi. Mwaka 1861 alisukuma kuelekea mto Victoria, kaskazini-magharibi, mara baada ya mara kutoka Newcastle Waters, na kila mara alikuta kichaka bila maji. Mwaka 1862 akaukubali mwelekeo ambao maji yenyewe yaliutaka, karibu kaskazini moja kwa moja. Akapata kidimbwi, kisha kingine, kila kimoja akakipa jina la kijana wake: Frew, King (si yule wa Burke), McGorrery, Auld, Nash. Ukisoma ramani ya sehemu ile ni kama unasoma daftari la mahudhurio. Tarehe 28 Mei akafika Daly Waters, maji makubwa, na kutoka hapo nchi inateremka kwenye mito ya kaskazini: Roper, Katherine, Adelaide.

Siku ya bahari aliwaficha wenzake wengi kwamba wamekaribia. Aliyajua hayo Thring na Auld tu. Thring ndiye aliyekuwa mbele akapiga kelele kwamba ameiona.

Bi_Kisima

Nirudi kwenye Attack Creek, kwa sababu imeandikwa sana kama "shambulio" bila kueleza. Juni 1860 watu watatu na farasi wao walikuwa kwenye maji ya Wawarumungu, wenyeji wa pale, katika miezi isiyo na mvua. Tumeshaona hapo juu farasi wanakunywa kiasi gani. Kwa Mwarumungu, wageni wale walikuwa wanakausha dimbwi, wanakanyaga ukingo, wanafukuza wanyama wanaokuja kunywa. Tarehe 26 Juni waliwasha moto nyasi, wakajaribu kuwatenga farasi wa mizigo. Stuart na wenzake walifyatua bunduki, wakaondoka. Chakula nacho kilikuwa kinaisha, na farasi wamechoka. Alirudi kusini kwa sababu zote hizo pamoja, na uamuzi huo ndio uliowafikisha watatu wote nyumbani wakiwa hai.

Sekstanti

MchoraRamani, mwanzoni ulisema mwili wake uliharibikia kwenye chakula. Ni kiseyeye?

MchoraRamani

Ndiyo. Chakula chao kilikuwa unga, nyama iliyokaushwa, chai na sukari. Nyama ikikaushwa juani vitamini C inaisha. Bila vitamini hiyo, mwili unaanza kufumuka baada ya miezi miwili mitatu: fizi zinavimba na kuoza, madoa ya damu yanatoka miguuni, makovu ya zamani yanafunguka, magoti hayakunjuki. Stuart alikuwa na ugonjwa huo karibu kila safari ndefu, na hakuwahi kupumzika vya kutosha katikati. Aliporudi mwaka 1861 alikaa Adelaide wiki chache tu, akatoka tena Oktoba. Na siku za kuondoka farasi alimkanyaga mkono, ukaharibika.

Dawa ilikuwa chini ya kwato za farasi wake. Mimea ya jamii ya tako la hasani, yenye vishina vyekundu na majani manene, inaota kule baada ya mvua. Walikuwa wanaichemsha na kuila kila walipoipata, na kila walipoila walipata nafuu. Lakini haikupangwa kama maji yalivyopangwa. Maji alikwenda kuyatafuta mbele kabla kundi halijasogea. Mboga alizila zikimkuta njiani.

Njiani kurudi, mwishoni mwa 1862, hakuweza tena kukaa kwenye tandiko. Vijana walitengeneza machela: miti miwili mirefu, turubai katikati, farasi mmoja mbele na mmoja nyuma. Ugumu wa machela ya farasi ni kwamba wa nyuma haoni anakokanyaga, kwa hiyo anataka mtu wa kumshika muda wote, na wote wawili wawe na hatua sawa, la sivyo mgonjwa anatupwa huku na huku. Hivyo ndivyo alivyobebwa maili 600 hivi. Alifika Adelaide Desemba. Sherehe zilifanyika tarehe 21 Januari 1863, siku ileile Melbourne ilipokuwa inazika mifupa ya Burke na Wills. Alifia London tarehe 5 Juni 1866, akiwa na miaka 50.

FrasilaMbili

Ramani yake ilitumika au iliwekwa kabatini?

MchoraRamani

Ilitumika haraka mno. Charles Todd alipojenga laini ya simu ya maandishi kutoka Port Augusta hadi Darwin, kilomita 3,200 hivi, mwaka 1870 hadi 1872, alifuata mstari wa Stuart. Nguzo zilikuwa kama 36,000. Waya zilikutana tarehe 22 Agosti 1872. Umeme wa betri ulidhoofu njiani, kwa hiyo kila kilomita 250 au 300 paliwekwa kituo ambapo karani aliupokea ujumbe kwa mkono mmoja na kuugonga upya kwa mwingine. Kituo kinataka watu, watu wanataka maji, na ukiangalia majina ya vituo utayatambua: chemchemi za Strangways, Peake, Charlotte Waters, Tennant Creek, Daly Waters, Katherine.

Tandiko

Na Alice Springs? Kuna watu wanasema Stuart ndiye aliyeipata.

Bi_Kisima

Hapana. Stuart alipita magharibi yake, akaikata milima ya MacDonnell kwenye majabali ambayo farasi waliyapita kwa taabu na mkokoteni usingepita. Mwaka 1871 mpimaji wa laini, William Mills, alikuwa anatafuta pengo pa kupitisha mizigo ya nguzo. Akapata pengo la Heavitree, na nyuma yake mto mkavu wenye dimbwi. Dimbwi akaliita kwa jina la Alice, mke wa Todd. Waarrernte walikuwa wakiishi hapo na kupaita Mparntwe.